Leseni ya kusuka nywele, jamani?

Wandugu, najua nimeadimika. Wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimerudi Bongo kimyakimya bila kuaga. Hapana, nipo, hapa hapa Texas, ni shule tu imenibana. Sasa hivi ni saa tano usiku, mwenzangu wa chumbani amelala, mimi nimekaa na chai ya rangi. Naona bora niwasimulie mambo ya wiki hizi mbili, maana yamenichanganya kidogo.

Ilianza hivi. Mwalimu wetu wa somo la uchumi na siasa alitupa kazi: kila mtu achague sheria moja ya jimbo inayomlazimisha mtu awe na leseni kabla ya kufanya kazi fulani, halafu aseme kama sheria hiyo inahitajika kweli. Kurasa nane. Akatuambia kwamba miaka ya 1950 Wamarekani waliohitaji leseni ya jimbo kufanya kazi zao walikuwa kama 5 kwa kila 100. Ripoti ya Ikulu ya White House ya mwaka 2015 ikasema sasa wamezidi robo ya wafanyakazi wote. Mnielewe vizuri, hii siyo leseni ya biashara kama ile ya kufungua duka pale Kariakoo. Hii ni leseni ya mtu mwenyewe, kwamba mikono yako hairuhusiwi kufanya kazi hiyo kwa malipo mpaka bodi ya jimbo iseme ndiyo. Na kila jimbo lina bodi zake na masharti yake.

Wenzangu wakachagua mafundi umeme, madalali wa nyumba, mawakili. Mimi sikuhangaika. Nikachagua kusuka.

Kwa wale msionijua vizuri, mimi ni msusi. Nilifundishwa na bibi nikiwa na miaka saba, kwenye kigoda, kuanzia mabutu, nikaja twende kilioni, mpaka rasta ndogondogo zile za kukaa kutwa nzima. Kwa kuwa tulikuja huku kifamilia kwa bahati nasibu ya viza, naruhusiwa kufanya kazi, kwa hiyo Jumamosi nasuka wasichana wa hapa chuoni. Wanaijeria, Wahaiti, Wamarekani weusi, wote wanapita kwenye hiki kiti. Ndiyo hela yangu ya vitabu na ya kumtumia bibi. Wengine mnabeba boksi, mimi nabeba chanuo.

Basi nikaingia maktaba nikiwa na hasira tayari. Na kwa kweli niliyoyakuta yanatia hasira.

Hapa hapa Texas kulikuwa na msusi wa Dallas anaitwa Isis Brantley. Kama jina hamlijui, basi kazi yake mnaijua: amemsuka Erykah Badu. Mwaka 1997 alikamatwa saluni kwake na kufungwa pingu kwa sababu alikuwa anasuka bila leseni ya urembo. Leseni hiyo wakati huo ilidai masaa 1,500 darasani. Masaa 1,500, wandugu! Kozi ya mtu wa kukaa kwenye gari la wagonjwa, anayekuja kukuzuia usife, kwa kawaida ni kama masaa 150. Na hayo masaa 1,500 siyo ya kusuka. Ni ya dawa za nywele, rangi, kukata, kucha, ngozi.

Mama huyo aliendelea kupigana. Mwaka 2007 jimbo likalegeza, msusi akatakiwa masaa 35 tu. Lakini alipotaka kuwafundisha wenzake, akaambiwa shule yake lazima ifuate masharti ya shule za vinyozi: ukumbi wa futi za mraba 2,000, viti 10, na masinki ya kuoshea. Masinki, wakati msusi kwa leseni ile hakuruhusiwa kufanya kazi inayohitaji sinki! Akaenda mahakama ya shirikisho. Januari 2015 Jaji Sam Sparks akasema masharti hayo hayana mantiki na yanavunja katiba. Miezi michache baadaye bunge la Texas likafuta kabisa leseni ya kusuka. Ndiyo maana mimi leo nasuka bila woga. Miaka yote niliyosuka hapa nilikuwa sijui kwamba kuna mtu alifungwa pingu ili mimi nikae kwa raha.

Utah nako kulikuwa na Jestina Clayton, mtoto wa Sierra Leone, alijifunza kusuka utotoni kijijini kwao kama mimi. Akaambiwa masaa 2,000. Mwaka 2012 jaji wa huko akaona kwamba sehemu kubwa ya masomo hayo haihusiani kabisa na kusuka, akampa ushindi.

Halafu kuna majimbo mawili jirani, Mississippi na Louisiana. Mississippi mwaka 2005 ilibadilisha sheria: msusi ajiandikishe, alipe dola 25, asome kijitabu cha usafi na kujibu maswali yake, basi. Louisiana ikabaki na masaa 500. Institute for Justice, wanasheria ambao wamewatetea wasusi wengi mahakamani (kwa hiyo tujue wana upande), walihesabu mwaka 2012: Mississippi wasusi walioandikishwa walizidi 1,200. Louisiana waliokuwa na leseni walikuwa 32. Thelathini na mbili! Mtu asiniambie kwamba Louisiana watu hawasuki. Wanasuka sana tu, ila jikoni, mlango umefungwa, na mteja akiumia hana pa kwenda kulalamika.

Nikaandika kurasa sita kwa usiku mmoja. Hitimisho langu lilikuwa limeshaiva: leseni ni uonevu, zifutwe zote, kila mtu apewe uhuru, mteja atachagua mwenyewe. Nikalala usingizi wa haki.

Asubuhi nikaamka na ujumbe kwenye simu.

Ulitoka kwa binti mmoja wa mwaka wa kwanza niliyemsuka Jumamosi iliyotangulia. Alikuwa na haflah ya kwao, alitaka rasta ndogo sana, za kubana, zikae miezi miwili. Nami nikabana. Alipokunja uso nilimwambia maneno yale yale aliyokuwa akiniambia bibi: vumilia, urembo ni kuumia. Sasa kanitumia picha. Nywele za mbele, pale juu ya paji, zimeng'oka na mizizi yake. Vipele vyenye usaha vimejipanga kama punje za mtama. Hakunitukana. Kaandika tu: "Dada, hii ni kawaida?"

Wandugu, nilikaa kitandani na ile simu kama nusu saa. Kurasa sita zangu ziko pale mezani, zimeandikwa kwa wino wa ushujaa, kwamba kusuka hakuna madhara. Na mimi hapa nimemng'oa mtoto wa watu nywele. Kumbe lina jina la kidaktari kabisa, na ukirudia kubana namna hiyo miaka kwa miaka, nywele za pale haziwezi kuota tena. Mimi nilikuwa sijui. Miaka kumi na nne ya kusuka, sijui.

Nilimwambia afumue zote haraka na aende zahanati ya chuo, na hela yake nikamrudishia. Lakini roho haikutulia. Jumapili nikapanda basi kwenda kwa mama mdogo.

Mama mdogo nimeshawahi kumtaja humu. Nyumbani alikuwa nesi kwa miaka kumi na moja, wodi ya wazazi na baadaye wodi ya watoto. Huku anawahudumia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Hawezi kumchoma mtu sindano mpaka apate leseni, na leseni haiji mpaka afanye mtihani wa NCLEX. Hauruhusiwi kuufanya mpaka karatasi zako za nyumbani zithibitishwe, na chuo chako kinatakiwa kizitume chenyewe moja kwa moja, wewe hawakupokei hata ukizileta zimepigwa mihuri kumi. Mama mdogo ameandika barua tatu. Mwezi wa kumi na nne huu. Nikajua hapa nimepata shahidi wangu. Kama kuna mtu wa kulaani leseni ni yeye.

Nikamkuta jikoni anachambua mchele wa pilau. Nikamsomea ripoti yangu kwa sauti. Akasikiliza mpaka mwisho, hajasema kitu. Halafu akauliza:

"Kwa hiyo unataka na leseni ya unesi ifutwe?"

"Si ndiyo, mama! Angalia walivyokufanya. Miaka kumi na moja!"

"Mwanangu, mimi nimeshika wodi. Nimeona mtu amejifunza kuchoma sindano kwa kuangalia tu, akakosea dozi ya mtoto. Dozi ya mtoto haina ajali ndogo. Yule mama hakuwa na namna ya kujua kwamba aliyeshika sindano hajui. Amevaa nguo nyeupe, basi. Utamwambia achague mwenyewe? Atachagua kwa kutumia nini?"

Nikanyamaza.

"Mimi sigombani na mtihani," akasema. "Waniletee hata kesho, nitakaa. Ninachogombana nacho ni foleni. Mtihani unaniuliza kama najua kazi. Foleni inaniuliza kama nina subira, kama nina hela, kama karani wa chuo changu ameamka vizuri. Hayo hayamsaidii mgonjwa hata mmoja."

Nikamwonyesha ile picha ya binti. Akaiangalia kwa macho ya kinesi, akaikuza. "Hiyo itapona. Ungeendelea kumsuka hivyo miaka mitano isingepona." Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililoniharibia ripoti: "Hayo masaa 1,500 unayoyalaani, yangekufundisha usimbane?"

Nikasema sijui. Akasema, "Basi kalitafute hilo. Hilo ndilo swali. Hayo mengine ni kelele."

Nilirudi chuoni na bakuli la pilau na kichwa kizito. Nikaifuta ripoti yote, nikaanza upya. Na sasa nawaambia ninachofikiri, si kwa sababu ya maksi, maana karatasi nimeshaikabidhi.

Kuuliza "leseni ni nzuri au mbaya" ni kuuliza kama dawa ni nzuri au mbaya. Dawa ipi, ya ugonjwa gani? Kuna madhara gani yanayoogopwa? Mteja anaweza kuyaona mwenyewe kabla hajaumia? Na masomo yanayodaiwa yanayagusa madhara hayo au yanapita pembeni?

Pima unesi. Madhara ni kifo, mgonjwa hana namna ya kupima ujuzi wa nesi, mtihani unauliza mambo ya wodini. Leseni ibaki. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali leseni za madaktari tangu kesi ya Dent mwaka 1889, na mimi siibishii. Lakini lile sharti la karatasi kukaa mwaka mzima njiani halipiti.

Pima kusuka. Madhara yapo, nimeyaona kwa macho, tena ni ya mikono yangu. Lakini ninachokosa mimi ni somo la siku moja: usibane, usisuke juu ya kidonda, chemsha na safisha vifaa, mteja akisema anaumia, legeza. Kijitabu cha Mississippi na dola 25 vinatosha. Masaa 1,500 ya rangi na kucha yasingeiokoa ile nywele ya mbele. Tena mwaka 2021 Texas yenyewe iliyapunguza masaa ya leseni ya urembo kutoka 1,500 mpaka 1,000. Jiulizeni: hayo 500 yaliyokatwa yalikuwa yanamlinda nani miaka yote ile? Kuna watu waliyalipia, kwa mikopo.

Na hapo ndipo nilipofika kwenye jambo ambalo mwalimu alilizungushia duara jekundu. Nani anakaa kwenye bodi? Mara nyingi ni wale wale walioko ndani ya kazi. Kule North Carolina bodi ya madaktari wa meno ilijaa madaktari wa meno. Watu wa kawaida walipoanza kung'arisha meno kwa bei nafuu madukani, bodi ikawaandikia barua waache. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2015 kwamba bodi ya namna hiyo, bila usimamizi wa kweli wa jimbo, haina kinga dhidi ya sheria za kuzuia ushindani. Louisiana nako watawa wa abasia ya St. Joseph walikuwa wanatengeneza majeneza ya mbao, wakazuiwa kuyauza kwa sababu hawakuwa na leseni ya mazishi. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikawaruhusu. Jeneza, wandugu! Mteja wake hawezi kuumia tena.

Nikawa nawacheka hao madaktari wa meno. Mpaka nilipojikuta na mimi nimo.

Mnajua nasomea uhasibu. Ili upewe leseni ya uhasibu huku, kwa miaka mingi ilikuwa lazima uwe na uniti 150 za masomo, yaani kama mwaka mzima zaidi ya shahada ya kawaida. Mimi nimeshapanga mwaka wangu wa tano, na mkopo nimeshauombea. Januari 2025 Ohio ikapitisha sheria ya njia nyingine: shahada ya kawaida, miaka miwili ya kazi, na mtihani ule ule. Majimbo mengine yakafuata, Texas ikiwemo. Niliposoma habari hiyo unajua nilisema nini, peke yangu, pale maktaba? Nilisema: "Haiwezekani, watashusha hadhi ya kazi."

Halafu nikajisikia. Hadhi ya kazi! Mimi, msusi wa bwenini, niliyeandika kurasa sita za kulaani bodi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sikuwa nawaza mteja yeyote wala hesabu ya mtu yeyote. Nilikuwa nawaza mkopo wangu, kwamba kama mimi nimelipia mlango, na wengine waulipie. Nadhani hivyo ndivyo sheria hizi zinavyokaa miaka hamsini. Siyo lazima wawepo watu wabaya. Wanatosha watu waliochoka kama mimi, ambao wameshalipa.

Kwa hiyo msinisikilize sana nikianza kusema uhasibu unahitaji uniti 150. Wala msimsikilize sana mtu yeyote anayetetea mlango alioshapita. Ndiyo maana naipenda sheria moja ya hapa Texas ya mwaka 1977, inayofuata mfano wa Colorado ya mwaka 1976. Inasema taasisi nyingi za jimbo zina tarehe ya machweo: kwa kawaida kila miaka 12 zinachunguzwa upya, na bunge lisipozipa uhai tena zinakufa. Ningependa kila sharti la leseni liwe na machweo yake, na siku hiyo anayetaka libaki ndiye alete ushahidi. Isiwe kazi ya msusi kufungwa pingu na kupigana miaka kumi na nane ndipo watu waulize, hivi masinki haya ni ya nini?

Sasa mrejesho, maana najua mtauliza. Ripoti nimepata B. Mwalimu kasema hoja nzuri, ila nimechelewa kuifikia. Kweli kabisa.

Yule binti anapona. Juzi nilimpikia chapati nikampelekea, nikamwomba radhi vizuri, siyo kwa simu. Kasema atarudi kusukwa nywele zikiota, lakini naona alisema kwa adabu tu, simlaumu. Mlangoni kwangu nimebandika karatasi yenye masharti yangu mwenyewe, manne tu, la kwanza likiwa: ukiumia sema, nitafumua, na hela nitarudisha. Hakuna bodi iliyoniagiza. Bibi nilimpigia nikamweleza kwamba ule msemo wake wa urembo ni kuumia nimeuacha. Akacheka, akaniambia, "Na mimi nina upara wa mbele, hukuuona? Unafikiri kilemba nakipenda tu?"

Na mama mdogo, karatasi zake zimefika. Chuo kimetuma. Baada ya miezi kumi na minne na simu sijui ngapi za usiku wa manane, kwa kufuata saa za nyumbani, zimefika. Bado atahakikiwa, bado ada, lakini ameshanunua kitabu cha mazoezi, kinene kama tofali. Nikimaliza kumsuka Jumapili hii tutakaa naye nimwulize maswali. Ameniagiza nimsuke nywele za kulala vizuri siku ya mtihani.

Na nisimbane.

Kwa leo naishia hapa, chai imeshapoa. Walioko majimbo mengine niambieni kwenu msusi anadaiwa nini, na nyie manesi mliopita foleni hiyo, mama mdogo anawasalimu na anaomba mbinu. Usiku mwema.